Kimea Kilichoonja Moto

Amoit alikufa wiki ile ile mjukuu wangu Nafula alipokuja likizo kutoka chuo kikuu, na aliyeniletea habari ni kijana wa bodaboda wa hapa kwetu Majanji ambaye hata hakujua kwamba nilimfahamu huyo marehemu. Alisema tu, "Bibi, yule mama wa Kiteso aliyekuwa anauza kimea Busia ng'ambo ameenda. Watu wa pombe wanalia kule." Nikamwambia pole yao. Nikarudi ndani, nikakaa kwenye mkeka, na kitu cha kwanza kilichonijia, niseme ukweli, hakikuwa huzuni. Lilikuwa swali: amekufa akisema nini juu yangu? Mimi ndivyo nilivyo. Mtu akinisalimu mara mbili kwa siku moja nataka kujua anatafuta nini. Nimezaa watoto saba, sita wamesoma, nina mjukuu chuo kikuu, mimi mwenyewe niliyeacha shule darasa la tatu, na sikufika hapa kwa kuamini kila mkono ulionyooshwa mbele yangu. Lakini kuna mwaka mmoja wa ujana wangu, ule niliokaa Osukuru kwa Senge Taaka, ambao sikuwahi kuutazama vizuri. Niliuweka kama mtu anavyoweka sufuria ya masizi mgeni akija, upande mweusi ukiangalia ukuta.

Senge, ndiyo dada wa baba kwa Kisamia chetu, alikuwa ameolewa chini ya vilima vya Osukuru, upande wa Tororo, na pombe yake ya wimbi, ndiyo ulezi, ilijulikana mpaka barabarani. Nilipelekwa kwake nimsaidie nikiwa na miaka kumi na saba. Chumba nilicholala nimekisahau, ila jiko lake naliona hata nikifumba macho: paa la nyasi lililokuwa jeusi na linang'aa kwa moshi kama limepakwa mafuta, mafiga matatu makubwa, na juu yake karai pana lililokatwa kutoka kwenye pipa. Pembeni kulikuwa na unga wa wimbi uliolowekwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba, unachacha wiki nzima, una harufu ya mtoto aliyecheua maziwa. Huo tuliukaanga juu ya lile karai mpaka uwe chenga za kahawia, tukazianika, tukazitia kwenye chungu na maji, ndipo kikaja kimea. Kimea ni wimbi ile ile, ila imelowekwa ikaota vijimizizi vyeupe, ikakaushwa, ikasagwa. Bila kimea chungu ni uji tu. Ukitia kimea, siku ya tatu chungu kinanong'ona chenyewe kama mtu anayesali.

Na pale hakuna aliyekunywa kwa imani tupu. Wanaume walikaa duara, chungu katikati, kila mmoja ana mrija wake mrefu, lakini hakuna mrija ulioingia kabla ya mpishi. Senge ndiye aliyetangulia. Alikaa kwenye kigoda, akavuta mbele ya macho ya watu wote, akameza, akafungua mdomo waone kwamba hakuficha kitu shavuni. Mzee Ofwono, jirani aliyekuwa na jino moja na maneno mengi, alipenda kumchokoza. "Taaka, meza tena. Koo lako sikuliona likicheza." Senge akamjibu, "Ofwono, wewe nikitaka kukuua nitakuacha tu uendelee kula upishi wa mke wako." Walicheka wote. Lakini nilikuwa nawatazama macho, na macho yao hayakucheka. Yalikuwa kwenye koo la Senge. Nilijifunza hapo kwamba watu wazima hucheka na huku wanapeleleza, na somo hilo nililishika haraka kuliko yale ya darasa la tatu.

Amoit alikuwa mjane wa shemeji yake Senge. Alikaa nyumba ya nyuma na binti yake mchanga, Akurut, aliyekuwa mgongoni mwake asubuhi hadi jioni. Hakuwa na kwingine pa kwenda, kwao walikuwa wamekwisha. Alikuwa na kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu mumewe, na kazi yake hapo nyumbani ilikuwa kusaga kimea kwenye jiwe. Alikuwa mtu wa kucheka kwa pua, maneno machache. Tukila ugali wa wimbi na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, alikuwa ananisukumia ukoko bila kusema kitu, na mimi nilikula huku nikijiuliza kwa nini ananipa. Kazi yangu ilikuwa kabla ya yake: kulowesha, kuotesha, na kuanika. Senge alinipa amri moja tu. "Nabwire, kimea kinakaushwa na jua. Siku mbili, siku nne, siku kumi, ni jua. Moto usikiguse." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu mama yangu alisema, na mama yake. Unataka kujua zaidi ya mama yake mama yangu?" Nikaona ni ukali wa wazee.

Basi mvua ya mwaka ule ilikuja na haikuondoka. Nilianika kimea asubuhi, nikakianua saa nne, nikakianika tena, nikafukuza kuku, nikakianua. Siku ya tano kilikuwa bado kina maji na kimeanza kunuka ukungu. Senge alikuwa ameenda Tororo sokoni, Amoit yuko shambani, na mimi nilikuwa na hamu yangu ya kwenda kusukwa nywele kwa rafiki. Nikalitazama lile karai. Lilikuwa limetoka kukaanga chenga, bado la moto. Nikajiambia, ile chenga imekaangwa mpaka kahawia na pombe inaiva, huyu kimea ni nani asionje moto? Nikakimwaga kikiwa kibichi. Kikatoa mvuke, nikakigeuza kwa kipande cha kibuyu, na kabla sijachoka kilikuwa kikavu, kinalia kama mchanga, wala hakikubadilika rangi. Nikakirudisha kwenye jamvi kama vile hakikuwahi kuondoka. Amoit alipokisaga kesho yake alinusa unga kwenye kiganja. Akasema taratibu, "Kimea hiki kina harufu ya jikoni." Nikamjibu, "Labda ni pua yako ndiyo imetoka jikoni." Akacheka kwa pua, akaendelea kusaga.

Chungu cha kwanza hakikunong'ona. Siku ya tatu Senge alifunua, akakuta uji mzito umekaa kama alivyouacha, umenuna. Akalaumu baridi. Mimi kwa kuwa mvua haikukatika, nikakausha tena kwenye karai, maana moyoni niliamini kabisa kwamba ni baridi. Chungu cha pili kikawa hivyo hivyo. Cha tatu ndicho kilichotuvua nguo, kwa sababu kilikuwa cha watu wa kulima. Kule ukitaka shamba lako lipaliliwe unapika chungu, majirani wanakuja na majembe, wanapalilia, wanakunywa. Walikuja watu ishirini. Senge akavuta mrija kwanza kama kawaida, na niliona uso wake ukibadilika kabla hajameza. Mzee Ofwono akavuta wake, akautoa, akautazama kwenye tundu. "Taaka, leo umetuitia uji wa mtoto." Hakuna aliyecheka. Waliweka majembe begani wakaondoka, na magugu yakabaki yamesimama.

Kuanzia siku ile nyumba iliingiwa na mdudu. Senge alianza kulala na ufunguo wa jiko kiunoni. Akichota maji anayanusa. Mimi nikipita anageuka, Amoit akipita anageuka zaidi. Nilimsikia kupitia ukuta wa udongo akiongea na mumewe mchana, mvua ikipiga: "Kuna mkono mbaya hapa ndani. Pombe yangu miaka yote haikunikana. Ni nani aliyeingia?" Mumewe akasema, "Aliyeingia mwaka huu ni Nabwire." Nilisimama na beseni mkononi. Nikaona natumwa nyumbani na jina la mchawi, bila mwanamume wa kunioa. Sikungoja. Nikaingia mle mle chumbani, nikapiga magoti, nikasema, "Senge, mimi sitaki kusengenya mtu. Lakini Amoit alinusa kimea kabla hakijaingia kwenye chungu, akasema kina harufu. Alijuaje kwamba kitaharibika na bado hakijatiwa?" Ni maneno ya kweli, kila moja lilikuwa la kweli. Ndiyo maana yalikata vizuri. Senge akasema, "Alisema hivyo?" na nikajua nimeokoka.

Amoit hakupigwa. Aliitwa mbele ya wazee wa ukoo, akaulizwa kama alisema kimea kina harufu. Akasema ndiyo. Akaulizwa alijuaje. Akanitazama. Sisahau urefu wa lile tazamo. Ungeweza kuchemsha yai. Akasema, "Pua yangu ilitoka jikoni." Wakasema wenyewe wameona, anajibu kwa mafumbo. Aliondoka na sufuria mbili na mtoto mgongoni, akavuka mpaka kwenda upande wa Kenya, na kile kipande cha shamba kikaliwa na ukoo. Wiki moja baadaye mvua ikakatika, jua likatoka, nikaanika kimea kwenye jamvi kama nilivyoamriwa, na chungu kikanong'ona siku ya tatu. Sasa ungekuwa wewe ungeamini nini? Tuliona kwa macho: ametoka, pombe imeiva. Senge alinishika mkono mbele ya watu akasema mtoto huyu ameiponya nyumba yangu. Kabla ya mvua nyingine nilikuwa nimeolewa huku Majanji, nikashika biashara ya samaki, na sikukausha kimea tena maishani.

Amoit nilimwona miaka mingi. Nikipeleka mukene, ndio dagaa, na sangara Busia, navuka geti la mpakani na beseni kichwani katikati ya malori, nilimkuta sokoni ng'ambo na magunia yake ya kimea, amekaa, anacheka kwa pua na wateja. "Nabwire, umeamka?" alikuwa ananisalimu. Nilijibu nusu. Na akipita karibu na meza yangu, nilikuwa nafunika samaki kwa jani. Miaka yote hiyo, nafunika samaki. Kuna wakati nilijiuliza kwa nini yeye, mwenye mkono mbaya, mji mzima unapikia kimea chake na pombe inaiva. Nikajijibu kwamba wachawi wana ujanja.

Haya yote nilimsimulia Nafula jikoni, siku ile ya habari ya kifo, tukiparua samaki. Nilimsimulia kama nilivyozoea, kwamba kulikuwa na mama mwenye mkono mbaya. Huyu mtoto anasomea vitu vilivyomo ndani ya seli, vitu ambavyo hakuna mtu amevishika, na mimi nimekuwa nikimlipia sala na nauli huku nikishuku kama vipo. Akaacha kuparua. "Kukhu," akasema, maana hivyo ndivyo wajukuu wanavyotuita, "mvua ilikuwa inanyesha wiki ngapi?" Nikamwambia nyingi. "Na kimea mlikausha wapi?" Nikasema juani. "Jua lipi?" Nikamwambia atazame samaki wake.

Hakutazama. Alitoa shanga zangu za kiunoni kwenye kikopo, akazitunga kwenye uzi. Akasema wimbi imejaa wanga, na wanga ni sukari nyingi zimeshikana mikono, maelfu, mlolongo kama huu. Hamira inataka kula sukari, lakini huu mlolongo ni mkubwa, haupiti mdomoni. Mbegu ikiota, seli zake zinatengeneza mkasi. Mkasi huo ni protini, unaitwa kimeng'enya. Nao pia ni shanga kwenye uzi, ila shanga za namna nyingine, na uzi umejikunja. Akaukunja mkononi mpaka ukawa kifundo chenye kijishimo. "Kazi yote iko kwenye hili umbo, Kukhu. Wanga unaingia kwenye kijishimo, unakatwa." Nikamuuliza nani anauambia uzi shanga ipi ifuate ipi. Akasema ni DNA, uzi mwingine mrefu wa maagizo uliowekwa ndani ya kila seli, na seli yenyewe imezungushiwa utando wa mafuta usivujishe mali. Nikamwambia, "Hiyo DNA naijua. Ndiyo inayovunja nyumba za watu kwenye redio." Akacheka, halafu akautikisa ule uzi kwa nguvu mpaka kifundo kikafumuka, shanga zikaning'inia ovyo. "Huu ndio moto. Unatikisa, umbo linafumuka, nyuzi zinashikana hovyo. Shanga zote bado zipo, hakuna iliyopotea. Lakini si mkasi tena. Ni kama ute wa yai, ukishakuwa mweupe haurudi."

Nikamwambia hayo ni maneno ya kitabu, kitabu hakijawahi kukaa Osukuru. Akasema, "Basi tujaribu, na wewe ulinde." Hapo alinipata, maana kulinda nakuweza. Tulipika uji mzito wa muhogo, tukauacha upoe mpaka kidole kivumilie, tukaugawa vikombe viwili. Kimea tulinunua dukani. Nusu tukaacha kama kilivyo. Nusu Nafula akataka kuimwaga kwenye kikaango cha moto, na mimi mdomo wangu ukanitoka: "Kiloweshe kwanza. Changu kilikuwa kibichi."

Akageuka polepole. "Chako kipi, Kukhu?"

Nikamsogezea maji. Alilowesha, akakikausha, akatia kila kimea kwenye kikombe chake. Nilikaa kwenye kigoda nikavikodolea macho, nikamkataza hata kupita karibu, asije akanichezea. Kabla samaki hawajamaliza kuiva, kikombe cha kwanza kilikuwa kimelegea kama maji ya mto, na nilipokionja kilikuwa kitamu, na hakuna aliyetia sukari. Cha pili kilikuwa kimekaa vile vile. Kizito. Kimenuna. Niliujua uso ule. Niliuona mara tatu Osukuru, nimesimama nyuma ya Senge. Nikakishika kile kikombe, na Nafula, ambaye amenirithi pua, akauliza kwa sauti ndogo, "Alienda wapi yule mama?" Nikasema, "Alienda ng'ambo, na shamba lake likaliwa. Kesho wanamzika. Tafuta viatu vyako."

Njiani nilijitetea sana kichwani. Nilikuwa mtoto. Sikujua habari ya uzi na kifundo. Lakini moto niliujua, na amri niliijua, na nilikaa kimya mwanamke anaondoka na sufuria mbili. Kujua hayo hakuhitaji mtu awe amesoma. Tulivuka geti kwa miguu, tukapanda bodaboda hadi kwake, nyumba ya matofali, uwanja umejaa watu, na vyungu vitano chini ya turubai. Baada ya kuzika, mchana bado mweupe, wakasema mwenye neno asimame. Wakasimama watu wa kanisa, watu wa soko. Nikasimama mimi. Nikasema, "Naitwa Nabwire wa Majanji. Nilikaa na Amoit Osukuru. Aliondolewa kule kwa kuambiwa ana mkono mbaya. Mkono ulikuwa wangu. Mimi nilikikausha kimea kwenye karai la moto, mara tatu, nikanyamaza, nikamtupia yeye. Sikuja kuomba kitu. Nimekuja mseme mbele ya kaburi lake kwamba mmesikia." Nikakaa. Mtu mmoja akakohoa.

Akurut, yule mtoto wa mgongoni, sasa ni mama mwenye mvi na kitambaa cheusi kichwani. Alikuja mpaka nilipokaa, akainama. "Mama alijua," akasema. "Alirudi kutoka shambani kuchukua kamba, akakuona kupitia upenyo wa jiko."

"Kwa nini hakusema?"

"Angesema kwa nani? Wewe ulikuwa damu ya mwenye nyumba. Mimi nilikuwa na miezi minane." Akakaza kitambaa chake. "Alisema, siku moja yeye mwenyewe atakuja na mdomo wake. Kila ukipita sokoni alikuwa anakusalimu, anakupa nafasi. Ukafunika samaki."

Akaenda kwenye chungu cha kwanza. Yeye ndiye aliyekipika, kwa kimea cha mwisho kilichoanikwa na mama yake. Akachukua mrija mpya, akauchomeka, na watu wakasogea kumwona avute, kama ilivyo kila mahali kwetu, mpishi kwanza. Hakuvuta. Aliugeuza mdomo wa mrija ukanielekea mimi, akasimama ananitazama, na nililijua lile tazamo. Nafula akaniinamia sikioni. "Kukhu, yeye hajaonja."

"Nimeona," nikasema.

Nilisikia chungu kinanong'ona. Watu wote wa uwanja ule walikuwa wananitazama koo. Nikaushika mrija kwa mikono miwili, nikavuta, nikameza, nikafungua mdomo waone.